Vita vikubwa kwenye kampeni: jinsi ya kuviendesha bila meza kusinzia

Vita vya kwanza vikubwa nilivyoendesha kwenye mchezo wetu wa kusimulia kwa dadu vilikuwa mazimwi 60 wavamia mji wenye walinzi 40, na kila mmoja wao nilimrushia dadu yake. Tulianza baada ya Isha, hapo barazani Mji wa Kale tunapokutana kila Ijumaa, ilipofika saa tano usiku tulikuwa bado kwenye raundi ya pili na dada anayecheza mganga ashalaza kichwa kwenye mto, yuwasubiri zamu yake ambayo usiku mzima ilimfikia mara mbili tu. Iliniuma sana wallahi, manake hivyo vita tulikuwa tumevijenga miezi minne. Mfalme ashasalitiwa, ndugu wawili waliokosana washapatana, mji mzima wangoja, halafu siku yenyewe ikifika watu wapiga miayo. Tangu hapo nishaendesha vita vikubwa saba kwenye kampeni mbili (kampeni ni hadithi moja ndefu tunayoicheza wiki baada ya wiki), na hii njia ntakayowapa ndiyo iliyobaki baada ya kujaribu nyingi na kuzitupa. Yafaa mchezo wowote wa kusimulia kwa dadu, ila mifano yangu ya sheria ni ya Dungeons & Dragons toleo la tano kwa sababu ndio wengi wetu hapa tumeanzia.

Kwanza tuelewane tatizo liko wapi

Sheria za hii michezo zimekatwa kwa kipimo cha kikundi kidogo, watu wanne watano ndani ya pango. Raundi moja, yaani kila mtu kupata zamu yake mara moja, ni sekunde 6 za hadithi. Hebu piga hesabu: wachezaji watano, kila mmoja dakika tatu, hiyo ni robo saa. Ongeza askari 100, kila mmoja dakika moja, wafika dakika 115. Karibu masaa mawili mumekaa hapo kwa sekunde 6 za vita, na vita vya masaa matatu ndani ya hadithi ni raundi 1,800. Haviishi hivyo. Na mchezo wenyewe asili yake ni vitani, ulipotoka mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walioutunga walikuwa watu wa vita vya mezani, ile michezo ya vijisanamu ambayo kijisanamu kimoja chaweza kusimama mahali pa askari 20. Walichofanya wao ni kushuka kutoka kwa jeshi mpaka kwa mtu mmoja. Sisi twataka kupanda tena mpaka kwa jeshi na yule mtu mmoja tusimpoteze njiani.

Mimi nilivyokuja kuona ni hivi. Pigano la kawaida swali lake ni nani atabaki amesimama. Vita vikubwa swali lake ni jengine: mambo matatu yatokea wakati mmoja, wewe ni mmoja, utakuwa wapi? Kila nitakachosema hapa chini ni cha kulinda hilo swali, na ukikuta sheria yoyote, yangu au ya mtu mwengine, inayokula muda bila kulinda hilo swali, itoe.

Hatua ya 1: tafuta mahali patatu panapouma

Usianze na majeshi. Anza na ramani na uulize, hapa mji ukiguswa wapi wachezaji wangu wataruka? Mtu aliyekulia Mombasa hii haimpi tabu, kisiwa twakijua: Makupa, Nyali, Likoni, na maji pande zote, kila siku twaishi na habari ya njia gani iko wazi na ipi imefungika. Kwa hivyo mji wangu wa kubuni niliuweka kisiwani. Mahali patatu: lango la daraja, kisima kikuu, na gati la kaskazini ambako kuna vyombo vya kuwatolea watoto na wazee.

Kwa kila mahali andika vitu vitatu kwenye kipande cha karatasi. Nani yuko hapo ambaye wachezaji wamjua kwa jina, tena wamempenda au wana deni naye. Nini kitapotea pakianguka. Na nini kitabadilika kwenye vita vyenyewe, hili la mwisho ndilo watu husahau. Kisima kikianguka, kuanzia hapo kila kikosi cha mji kimechoka, dadu zao zapungua. Lango likianguka adui yuko barabarani na nyumba zaanza kuungua. Gati likianguka hakuna wa kuondoka tena. Mahali pakianguka na ramani ikabaki vile vile, wachezaji wataona, na mara ya pili hawatajali.

Patatu panatosha kwa wachezaji wanne watano. Nilijaribu mahali patano siku moja, nikatumia nusu ya usiku kukumbushana nini kiko wapi.

Hatua ya 2: hesabu kwa komwe

Huhitaji kununua vijisanamu. Azima kete za bao. Bao kamili lina kete 64 na ukipata zile za komwe zenyewe, nyororo, za kijivu, basi zakaa vizuri juu ya karatasi ya manila na hazipeperuki feni ikiwashwa. Mimi komwe za mji huziacha kama zilivyo, za adui nazipaka nukta ya rangi nyekundu ya kucha. Ramani nachora kwa makapeni, mahali patatu na njia zinazopaunganisha, sichori nyumba wala miti. Na kila kitu kiko kwenye karatasi makusudi, stima ikipotea twawasha tochi ya simu, twaendelea.

Kete moja ni watu 50. Mbona 50? Nilichukua ule uchawi wa mpira wa moto, kila mchawi akifika levo ya tano aweza kuuchukua, na ndio huwa unavuruga vita vya masta wengi (masta ni yule anayeendesha mchezo). Kutoka katikati hadi ukingoni ni futi 20, ukipima eneo lake lote wapata kama futi mraba 1,257. Mtu mmoja vitani amepewa mraba wa futi 5 kwa 5, yaani 25. Gawanya, ni kama watu 50. Na nguvu yake ni dadu 8 za pande 6, wastani 28, hata mtu akikwepa bado yamshukia 14, na mlinzi wa kawaida uhai wake ni 11. Kwa hivyo mpira mmoja ukiangukia kikosi kilichobanana bega kwa bega, kete moja yatoka, basi, hakuna kuhesabu vichwa. Mchawi wenu afurahi, ni haki yake. Ila adui si mjinga, baada ya mpira wa kwanza atawatawanya watu wake, na kikosi kilichotawanyika mpira wakipata nusu kete tu (iweke alama, nusu ya pili ikiitimiza kete yatoka) lakini pia chapoteza ile faida ya kusimama ngao kwa ngao. Sasa mchawi amebadilisha vita hata bila kurusha tena, na wachezaji hulipenda sana hilo wakiligundua wenyewe, kwa hivyo usiwaambie mapema.

Kwenye vita vyangu vya mwisho mji ulikuwa na kete 14, watu 700, adui kete 24, watu 1,200. Nasema hesabu hizi mezani wazi kabisa, kwa sababu hofu nyingi yatoka kwa kuona. Nikisema watu hamsini wamekufa ni maneno tu, lakini nikiinyanyua komwe moja kutoka kwenye ramani na kuidondosha kwenye kikombe cha kahawa kitupu, ile sauti yake watu wanyamaza.

Hatua ya 3: kadi ya kila kikosi

Kila kikosi kina kadi moja, ukubwa wa kadi ya karata. Juu andika jina, chini kete ngapi, halafu dadu yake. Wakulima walioshika panga jana, dadu ya pande 6. Walinzi wa kawaida na mazimwi wa kawaida, pande 8. Wazoefu, 10. Wale wa kutisha kweli, walinzi wa mfalme au mazimwi wakubwa wa chuma, 12. Usizidishe hapo.

Vikosi viwili vikikutana kila upande warusha dadu yake mara moja. Ongeza 2 ukiwa nyuma ya ukuta au ngao kwa ngao, ongeza 2 ukiwa umemzidi mwenzio kete mara mbili au zaidi, ongeza 2 kama mchezaji amefanya jambo la maana hapo, punguza 2 mukiwa mumechoka au mumekosa maji. Mwenye namba ndogo ndiye apotezaye: tofauti ya 1 mpaka 3 kete moja, 4 mpaka 6 kete mbili, 7 kwenda juu kete tatu na arudi nyuma. Zikilingana kila upande kete moja.

Mfano kutoka kwa lango letu. Walinzi kete 4, pande 8, wako ukutani, ongeza 2. Mazimwi kete 9, pande 8, wamezidi mara mbili, ongeza 2. Mazimwi warusha 7, yawa 9. Walinzi warusha 3, yawa 5. Tofauti 4, kete mbili zimeanguka kikombeni, watu mia moja kwa mrusho mmoja wa dadu, sekunde kumi za meza. Hapo ndipo meza yaanza kusikia baridi.

Lakini usiishie kwa kuua, kuna moyo, na kama utachukua kitu kimoja tu kwenye mwongozo huu chukua moyo. Jeshi huvunjika zamani kabla halijaisha watu. Kikosi kikishapoteza robo ya kete zake kirushie dadu ya pande 20, kipate 10 au zaidi, kikipoteza nusu kipate 15. Ongeza 3 kama kiongozi wao yu hai na wamuona, ongeza 2 kama watoto wao wako nyuma ya huo ukuta, ongeza 5 kama mchezaji yuko nao. Wakishindwa mara moja warudi nyuma mahali pamoja, wakishindwa mara ya pili watawanyika na kadi yao yageuzwa kifudifudi. Hao wa langoni walikuwa wamepoteza nusu, nikarusha 11, na nahodha wao mzee yu hai, 14, na watoto wako nyuma, 16. Walibaki. Wachezaji walipiga kelele mpaka jirani akachungulia dirishani, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa langoni wakati huo, walikuwa wakipigania kisima. Walikuwa wakishangilia watu wa kadi.

Hatua ya 4: piga kwa mawimbi

Raundi za sekunde 6 ziweke kando. Gawa vita kwenye mawimbi, wimbi moja ni kama nusu saa ya hadithi na nusu saa ya saa yenu ya ukutani. Usiku mmoja watoa mawimbi matano, sita mukianza mapema.

Ndani ya wimbi mambo huenda hivi. Naanza kwa habari, na habari naileta kwa mtu, si kwa sauti ya mbinguni: kijana amekuja mbio kutoka gatini, mkono mmoja wavuja damu, asema kamba za vyombo zimekatwa. Habari mbili tatu kama hizo, kila moja kutoka mahali tofauti. Halafu wachezaji waamue kila mtu aenda wapi, na hapa nageuza saa ya mchanga ya dakika tatu, mabishano yakipita hapo adui asonga. Wakishaamua, twacheza kisa cha hapo walipokwenda. Baada ya kisa, ndipo narusha dadu za vikosi vyote, napima moyo, nanyanyua kete, nasukuma zilizobaki. Mwisho naangalia ramani na wao wote na kusema kilichobadilika kwa sentensi moja. Wimbi jengine.

Usirushe dadu za vikosi kabla ya kisa. Nimejaribu, wachezaji wafika mahali ambapo mambo yashaamuliwa, wahisi wamekuja kuzika.

Na tia kitu kimoja kwenye ramani kinachokwenda kwa saa yake, hakijali mtu. Sisi watu wa pwani tuna kitu hicho bure, maji. Wazee wa Mombasa walijifunza kwa machungu kule Shela, Lamu, mwanzoni mwa karne ya 19, jeshi la Mazrui, waliokuwa wakitawala hapa kwetu, pamoja na watu wa Pate walishuka pwani ile, wakashindwa, na walipokimbilia vyombo vyao wakakuta maji yamekupwa, vyombo vimekaa mchangani. Huo ni msiba mkubwa, na ukiutazama kwa jicho la masta ni somo lote la uwanja wa vita. Kwa hivyo kwenye mji wangu niliwaambia wachezaji tangu mwanzo: ni bamvua, yale maji ya kujaa na kupwa sana, wimbi la tatu maji yatakupwa kabisa na upande wa gati mtu ataweza kuvuka kwa miguu, wimbi la tano yataanza kurudi. Sikuficha. Na wao wakakaa wakafikiri, badala ya kulinda gati wakawaachia mazimwi wavuke, wakawachelewesha kwa mishale na matusi pale mchangani wimbi zima la nne, bahari ikamalizia kazi. Kete sita nyekundu kwa mpigo mmoja. Sikupanga hilo, nilipanga maji tu.

Hatua ya 5: kisa ndani ya wimbi

Hapa ndipo sheria za kawaida zarudi, raundi, uhai, uchawi, vyote. Lakini kisa kisizidi raundi nne, na kabla hakijaanza uwe ushaandika mambo mawili: wakishinda ni nini kwenye ramani, wakishindwa ni nini kwenye ramani. Ukikosa kuandika jambo la pili hicho kisa kitupe.

Visa visiwe vya upanga vyote. Mlango wafungwa na bado kuna watu mia nje, nani ataongea na wenye funguo? Ndani ya kisima mtu ametia sumu, na mganga ana muda wa kunusa visima viwili kati ya vitatu. Nahodha wa adui ametoka mbele ya watu wake yuwaita mmoja wenu kwa jina. Majeruhi 50 wako barabarani, yaani kete nzima, mukiwabeba kete hiyo yarudi wimbi lijalo kwa dadu ya pande 4, mukiwaacha imekwenda. Hicho cha majeruhi ndicho kilichowagombanisha wachezaji wangu kuliko vyote, nusu saa ikawa dakika arubaini na sikuwakatiza.

Umati ukiwazunguka wachezaji wakati wa kisa tumia wastani, usirushe moja moja. Mazimwi 20 wamemzunguka mpiganaji wenu, wao huongeza 4 kwenye dadu ya pande 20, ulinzi wake, yaani namba ya kuifikia ili umpige, ni 16, kwa hivyo kila mmoja ahitaji 12 au zaidi. Hizo ni pande 9 kati ya 20. Basi mazimwi 20 wapiga mapigo 9, kila raundi, bila dadu. Mkuki wa dadu ya pande 6 wastani wake 3.5, ongeza 2, yawa 5.5, ishushe mpaka 5, umemshukia 45. Mwambie kabla hajaruka ukuta! Akiijua hiyo 45 na bado akaruka basi huyo ameruka kweli. (Kwa haki usiruhusu zaidi ya wanane wamfikie mtu mmoja kwenye uwanja wazi, miraba inayomzunguka ni minane tu, wengine 12 wawe na mishale au wangoje.)

Wakigawanyika, na watagawanyika kwa sababu ndilo swali lenyewe, kata kutoka kundi moja hadi jengine kila dakika kumi, ukate pale mtu ameshika dadu hajairusha. Na wale ambao kisa si chao usiwaache waangalie simu. Wape watu wa kadi.

Hii ntaieleza polepole. Kabla ya vita naandika kadi kumi na mbili za watu wa kawaida, jina moja, kazi, na kitu kimoja anachotaka au anachoogopa. Kadi moja ilikuwa ya seremala: "Mkewe ana mimba ya miezi saba. Aogopa mahali pa juu. Amepangwa juu ya ukuta." Wachezaji wawili walipokwenda kisimani niliwapa wengine watatu kadi za langoni, nikawaambia nyinyi sasa ni hawa, uhai wenu ni 4 kila mmoja, na ngazi imeegemezwa ukutani upande wa nje. Jamaa aliyepata seremala kwa kawaida yuwacheza mwizi, mtu wa maneno mengi, hakuna jambo asilolichekea. Aliisoma ile kadi, akaiweka chini, akasema, "Simuangalii adui. Naangalia mikono yangu." Akamchezea huyo seremala raundi tatu yuwasukuma ngazi kwa macho yamefungwa. Ya nne mshale ukampata.

Hakuna aliyeongea kidogo. Halafu niliporusha dadu za vikosi nikawapa walinzi wa lango ile 2 ya mchezaji, kwa sababu ngazi haikukaa. Ndiyo iliyowashikilia.

Mzingiro ni habari nyengine

Kama vita vyako si vya siku moja, adui amekaa nje na hataki kuondoka, usitumie mawimbi ya nusu saa. Nenda Ngomeni, hapo Fort Jesus, siku moja, usimame juu ya ukuta ukitazama mlango wa bahari ya bandari ya zamani, utaelewa haraka. Wareno waliijenga Fort Jesus kati ya 1593 na 1596, na Waomani walipoizingira walianza Machi 1696, ikaanguka Desemba 1698. Miezi 33! Na kwa muda huo mwingi haikuwa watu kuparamia kuta, ilikuwa njaa, maradhi, na kungoja meli za msaada kutoka Goa, na nyengine zilifika kweli katikati, mambo yakaanza upya.

Kwa hivyo wimbi la mzingiro liwe mwezi, na badala ya mahali patatu uwe na mistari minne ya kuhesabu: chakula, maji, maradhi, msaada. Kila mwezi mstari mmoja washuka, wachezaji waweza kuokoa mmoja tu. Kete zatoka hata bila pigano. Kila miezi mitatu cheza kisa kimoja kirefu, kutoroka usiku, kuiba nafaka, kumshawishi jirani mwenye chuki na mji, na ukiona tanga kwenye upeo wa macho usiseme mara moja ni la nani.

Mambo ya kuchunga

Usiwe na jeshi la siri la kuwaokoa. Wakishindwa, wacha mji uanguke, kampeni haifi, yahamia barabarani na wakimbizi na hapo hadithi nzuri ni tele. Lakini kama wakati wa kutayarisha wachezaji walikwenda kuomba msaada kwa mtu, huyo mtu afike, na afike kwa wimbi mulilokubaliana, na kete zake ziwe pembeni ya meza tangu mwanzo kila mtu azione. Tofauti ya hizo mbili ni kubwa mno.

Usigeuze dadu. Wakubwa wa adui wakifa wimbi la pili, wamekufa, mazimwi wao warushie moyo papo hapo.

Mchezaji anayependa kuamrisha mpe kikosi kimoja, arushe dadu zake mwenyewe, ashike kadi mwenyewe. Asiyependa usimlazimishe. Na pumzikeni baada ya wimbi la tatu, robo saa nzima, viazi karai, kahawa, watu wanyooshe miguu, maana kichwa kikichoka watu waanza kuchagua lolote bora liwe.

Hatua ya mwisho: asubuhi

Usifunge usiku kwenye ushindi. Acha nusu saa ya asubuhi yake. Mimina kikombe mezani, hesabuni komwe pamoja. Zetu zilikuwa 9 kati ya 14, watu 450. Halafu waulize wachezaji mmoja mmoja, jua limetoka, uko wapi na unafanya nini? Usiwape la kufanya. Mmoja wetu alisema yuwachota maji. Mwengine akalala kwenye ngazi za gati. Kadi za watu wa kawaida zilizokufa niliziacha zimelala juu ya ramani, pale zilipoangukia, na yule dada anayecheza mganga, aliyelalia mto usiku ule wa kwanza, akaichukua ile ya seremala akaisoma tena kisha akaniuliza mkewe akaa mtaa gani. Sikuwa nimeandika. Nikamwambia nyuma ya kisima, nyumba yenye mlango ambao haujamalizwa kuchongwa, na Ijumaa iliyofuata tulianzia hapo.